Siro Kabla ya Sindano

Mama yangu, uliyeondoka tukiwa katikati ya maneno,

Nimekukasirikia tangu asubuhi, na hasira hii sina pa kuipeleka isipokuwa kwako mwenyewe. Ungekuwa hai ningekuja mpaka kwenye meza yako ya samaki wa chumvi pale sokoni, nikae kwenye kile kibao chako chenye misumari inayonasa vitenge vya watu, nikuambie mbele ya wateja wako wote kwamba umenitia matatani. Nawe ungenijibu bila kuniangalia, mkono ukifukuza inzi: "Masika, weye iko nasumbua batu juu ya nini?" Lakini kwenye meza yako siku hizi mtu mwingine anauza mihogo. Basi naandika. Ulizoea kucheka Kiswahili changu cha shule, ukisema naongea kama matangazo ya kanisani, lakini nikikasirika ndicho kinachonitoka. Utavumilia.

Leo mtoto wangu wa pili alikuwa anakwenda kuchomwa sindano zake za chanjo, ile ya kuzuia nimonia ikiwemo. Huyu humjui. Alizaliwa wewe ukiwa umekwisha kuzikwa, na jina lake ni la baba yako, ingawa nyumbani tunamwita Bebe tu mpaka alizoee hilo jina kubwa. Hodi ikapigwa kwenye parsele, uani kwetu, kabla sijawasha makaa. Unajua hapa Bunia hodi ya mapema namna hiyo hafungui mtu kabla ya kuchungulia. Nikachungulia. Kumbe ni Mama Solange, jirani yetu wa upande wa barabara, na nyuma yake wanawake wengine wa avenyu, majirani wa mtaa wetu, kila mmoja na mtoto mgongoni, wamefunga vitenge vyao vya kutokea, wamependeza kama Jumapili.

"Tumekuya kwa kijiko," akasema Mama Solange.

Kijiko chako, Mama. Wewe umezikwa tangu kabla ya mvua, na kijiko bado kinafanya kazi.

Barua hii nataka wengine nao waisome, kwa hiyo nitakueleza mambo yako mwenyewe kana kwamba huyajui. Ulikuwa na chupa ya siro ya homa, ile dawa ya maji nyekundu, tamu, inayotuliza homa na maumivu, ukiiweka juu ya kabati pamoja na Biblia. Siku ya chanjo, kabla wanawake hawajateremka kwenda kituo cha afya, walipitia kwako kwanza, kwenye parsele hii hii tuliyokaa sote. Uliketi kwenye kigoda, ukawashika watoto mmoja mmoja kidevu, ukawanywesha kijiko. Watoto wazima! Hawana homa, hawana kitu, wametoka kunyonya. Lakini wewe ulisema homa ya sindano lazima ije, basi ije ikute dawa imekwisha kufika nyumbani. Na kwenye ukuta wa kituo cha afya si kumeandikwa kwamba heri kukinga kuliko kuponya? "Mimi njo nakinga," ulisema, ukinionyesha ukuta ule kwa kidevu.

Na kweli, watoto wa kijiko chako walilala. Walirudi kutoka kwenye sindano wakalala mchana kutwa na usiku kucha, hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyelia. Avenyu nzima ilikuheshimu kwa ajili hiyo. Nami nilikuheshimu, usidhani sikuheshimu. Neema wangu alipozaliwa sikuwa na nguvu hata ya kusimama, na ni wewe uliyembeba kumpeleka kila mara. Kuna siku ilinyesha mpaka maji yakapita juu ya ngazi zetu, nikasema tutangoja wiki ijayo. Ukanitazama kana kwamba nimetukana. Ukavua viatu, ukamfunga mtoto kifuani badala ya mgongoni, juu ukajifunika kile kiplastiki cha kufunikia samaki, ukaingia matopeni. Ulirudi umelowa mpaka kwenye mifupa, Neema mkavu kama unga, ananuka samaki, amechanjwa, amelala. Nilikupenda siku ile hata nikashindwa kusema asante.

Ndiyo maana nimekasirika. Ungekuwa mzembe ningekulaumu nikamaliza. Lakini hukukosa chanjo hata moja ya mjukuu wako, na kila mara ulimpa kijiko chako kwanza.

Sababu yako naijua, maana nilikuwepo. Ni wakati wa vita, tulipoacha mji na kushika njia ya Bogoro tukisema tutafika Boga. Nilikuwa na sufuria kichwani na mkono wangu umeshika kitenge chako nisipotee. Mdogo wangu Josué ulikuwa naye mgongoni. Alikuwa amechomwa sindano jana yake, paja limevimba, mwili wote unawaka. Tulipolala kwenye majani marefu pamoja na watu wengine waliokimbia, Josué akaanza kulia. Ukampa ziwa, akalikataa. Ukamfunika kitenge, akalia ndani ya kitenge. Mwanzoni watu walisema pole. Halafu wakasema, "Mama, fungia mutoto kinywa." Halafu yule baba tuliyekuwa tukisali naye, aliyezoea kunipa pipi baada ya ibada, akatambaa mpaka kwetu akasema polepole sana: "Mama, tunakuomba. Ondoka na mutoto wako. Atafanya batuue siye bote."

Sijapata kuona mtu akifukuzwa kwa upole namna ile. Ulisimama, ukanishika mkono, tukaondoka, sisi watatu na yule mtoto anayelia, katikati ya majani, bila kujua upande upi una watu wabaya. Hakuna aliyetuua. Josué yuko hai, yuko kule Mambasa anatafuta dhahabu, na akipiga simu anaongea kwa kupiga kelele mpaka naiweka simu mbali na sikio. Lakini tuliporudi mjini, kitu cha kwanza ulichonunua, kabla ya chumvi, kabla ya sabuni, kilikuwa chupa ya siro. Tangu hapo hakuna mtoto aliyelia nyumbani mwako ukamwacha.

Wanasema sasa ni amani. Redio inasema hali ni shwari katika mji na vitongoji vyake. Shwari gani hiyo, ikiwa kila nyumba ina mfuko uliofungwa nyuma ya mlango, na gurudumu la lori likipasuka watu wote wanatazamana miguu kuona nani amevaa viatu? Ndiyo sababu wanawake walikuelewa haraka. Hukuhitaji kuwahubiria. Kila mmoja ana majani yake aliyolala, na kila mmoja anajua mtoto anayelia ni mtoto wa namna gani.

Halafu Neema akaugua. Alikuwa ameanza kutembea akishika ukuta. Kikohozi kilikuwa cha kawaida, nikampa maji ya moto, na kesho yake akawa anapumua kama mtu aliyekimbia, mbavu zinaingia ndani, puani panapanuka. Wewe ndiye uliyesema, "Hii haiko mafua, twende." Hospitalini wakamwekea hewa puani, wakatuambia nimonia, tena kali. Nakumbuka ulivyokaa chini ya kile kitanda cha chuma na rozari ya jirani Mkatoliki mkononi, wewe Mprotestanti usiyejua hata inavyosaliwa. Ulikuwa unaishika tu.

Alipoanza kupata nafuu ukageuka simba. Dokta wetu alikuwa mwanamke kijana, mtu wa kutoka Kisangani, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala. Ukamsimamia mbele. "Dokta, huyu mutoto alichanjwa yote. Mimi mwenyewe nilimubeba. Sasa nimonia imeingilia wapi? Chanjo yenu iko ya bure?" Na kwa kutaka ajue umefanya kazi yako sawasawa, ukaongeza kwa kiburi: "Na kila mara nilimupatia siro mbele ya sindano, ata hakulia!"

Dokta akavuta kiti. Nilijua pale pale kwamba kuna neno.

Alilieleza vizuri, Mama, lazima nimpe haki yake. Alisema chanjo ile inauonyesha mwili sura ya kijidudu, bila kijidudu chenyewe, ili mwili utengeneze askari wake wa kumjua adui siku akija. Ukamkata hapo hapo. "Askari? Hapana, dokta. Mimi sitaki askari mu mwili ya mutoto. Askari naijua miye." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, hata mama mmoja aliyekuwa analia akacheka. Dokta akaona amekosea mfano. Akaanza upya: basi ni kama darasa. Sindano ya kwanza ni somo la kwanza, ya pili wanarudia, ya tatu wanakaza. Joto dogo la baada ya sindano mara nyingi ni dalili kwamba mwili uko kazini, ingawa mtoto asiyepata homa naye anaweza kuwa anajifunza vizuri. Lakini ile siro ikitolewa mapema, mtoto akiwa mzima, kuna watafiti walioona kwamba kinga ya damu kwa baadhi ya chanjo, na hii ya nimonia ni mojawapo, inatokea pungufu. Kwa wengi inabaki ya kutosha. Lakini pungufu. "Homa ikikuya na mutoto anateseka, hapo mumupe," akasema. "Mbele, hapana."

Nikamuuliza swali ambalo bado naamka nalo. Je, Neema aliugua kwa sababu ya kijiko?

"Pengine," akasema. "Na pengine hapana. Vijidudu vya nimonia viko aina nyingi. Chanjo inafundisha mwili aina kadhaa, haifundishi zote. Pengine hii iko aina ingine. Pengine iko kijidudu kingine kabisa. Tena pengine bila chanjo ingekuwa mubaya zaidi."

Basi mpimeni damu, nikamwambia, tuone kama lile somo liliingia! Akasema kipimo hicho hakipo Bunia, kinafanywa na watu wa utafiti kwenye maabara za mbali, na hata kingekuwepo kingetuambia kiasi cha kinga kilichomo leo, kisingetuambia kwa nini mtoto huyu mmoja aliugua jana. Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia lile pengine. Mtu wangu amelazwa na mpira puani, nauliza ni nini kilichotokea, mtu aliyesoma miaka yote ile ananijibu pengine! Angesema uongo tu ningelala. Lakini yule dada hakusema uongo, na hilo nalo liliniudhi.

Na wewe? Tulipanda pikipiki kurudi nyumbani, Neema katikati yetu, na kwenye kona ya avenyu ukasema, "Huyu dokta hajalala mu majani na mutoto." Mimi nikasema, Mama, dokta amezungumzia mapafu, hakuzungumzia majani. Ukasema mapafu yana faida gani kwa mtoto aliyekatwa panga. Nikasema vita viliisha. Ukacheka, na kicheko kile kilinichoma kuliko kofi. "Viliisha? Sasa ule mufuko nyuma ya mulango wako iko ya kwenda ndoa?"

Jibu nililipata siku tatu baadaye nikiwa nafua, na nikaona ni aibu kulirudia. Kwa hiyo jambo hilo tukaliacha, sisi wawili tuliokuwa hatunyamazi. Tukaongea habari za chumvi, za mvua, za bei ya mkaa. Siku za chanjo nilitoka nyumbani mapema nisikuone umekaa kwenye kigoda, na wewe ulijua kwa nini nimetoka. Nilifikiri tuna muda. Nilifikiri siku moja dokta atapita sokoni kununua samaki, tutamkamata sote wawili, tutalimaliza jambo hili kwa kelele halafu kwa ugali. Badala yake presha ikakuangusha pale pale mezani kwako, wakaniletea habari nikiwa kwenye cherehani yangu, nampimia mteja kitambaa. Nilikimbia na mkasi mkononi. Nilipofika hukuwa mtu wa kugombana naye tena.

Sasa rudi na mimi kwenye parsele ya leo asubuhi. Wanawake wamesimama, watoto wamewaweka mbele, midomo yao midogo imekwisha kufunguka. Nikawaambia: leo hakuna kijiko. Nikawaeleza kama dokta alivyonieleza, nikaacha habari ya askari, nikatumia ya darasa. Wengine walisikiliza. Mama Solange alikunja mikono.

"Mama yako alichunga batoto ya avenyu muzima," akasema. "Leo amelala mu udongo, weye njo unakuya kutuambia alikuwa nakosea?"

Unaona ulivyoniweka? Nikisema ndiyo, nimekutukana kaburini mbele ya watu uliowanyweshea watoto wao siro kwa mkono wako, bila kumnyima hata mmoja. Nikisema hapana, naingia ndani, nateremsha chupa, na hiki kichwa kidogo kilicholala begani kwangu nacho kinapata somo nusu. Mwishowe nikasema, "Mama alitulinda na kile alichokiona. Mimi nimeona kifua ya Neema." Mama Solange akatema mate pembeni, akasema asiyesikia la mkubwa atavunjika mguu, akaondoka. Wengi wakamfuata.

Akabaki msichana mmoja mwenye mtoto wake wa kwanza mgongoni, sijui hata jina lake, ni wa wale waliohamia karibuni. Akaniuliza kwa adabu, "Mama Neema, na kama analia?"

Nikamwambia atalia.

"Na kama batu banakuya, na iko nalia?"

Hilo, Mama, dokta hakunifundisha, wala redio haisemi. Nilimshika bega tu, tukateremka pamoja.

Na usifikiri huo ulikuwa ushindi. Kwenye kituo cha afya, tulipopanga mstari kwenye mabenchi, niliwatazama watoto mmoja baada ya mwingine: wekundu pembeni mwa midomo. Wekundu! Kumbe Mama Solange ana chupa yake, walipitia kwake. Nikamwendea muganga, yule nesi anayechoma sindano, nikamwambia, tazama midomo hii, sema neno. Akaniambia amekwisha kusema mpaka koo limekauka, na kwamba safari iliyopita mama mmoja alimwita mchawi anayetaka watoto wateseke. Akaendelea kuchoma. Na kweli, afanye nini? Sindano yenyewe bado ni njema, nusu ya somo ni bora kuliko kukosa shule. Lakini nilikaa kwenye lile benchi nimeshika mtoto wangu mwenye mdomo msafi, na nilitaka kupiga mtu. Nilitaka kukupiga wewe, Mungu anisamehe, halafu nikulalie mapajani.

Homa ya Bebe ilipanda alasiri. Akalia. Mama, mtoto huyu ana koo! Ndege waliruka kwenye bati. Nilifunga dirisha, nikaona joto linamzidi, nikalifungua. Nikamvua nguo, nikampangusa kwa kitambaa, nikamnyonyesha, akanyonya kidogo akaacha ili aendelee kulia vizuri. Na wakati huo huo, ungeamini, ndipo uvumi ukapita. Mtu kaja mbio kutoka barabara ya Bogoro, eti kuna watu wameonekana. Nikasikia milango ya maduka inashushwa, trrr, trrr, moja baada ya nyingine. Nikavaa viatu kabla ya kufikiri. Nikamshika Neema. Nikautoa mfuko nyuma ya mlango. Na Bebe analia, analia, analia.

Mama Solange akatokea kwenye uzio na mfuko wake kichwani. Mtoto wake mgongoni alikuwa amelala kabisa, shingo imelegea kwa usingizi. Akamtazama wangu, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na uchokozi usoni, alikuwa na hofu tu. "Mama Neema," akasema, "kama tunafika mu majani, na huyu iko hivi, usikuye karibu yangu."

Ndipo nikasikia mwilini mwangu jinsi ulivyosikia siku ile. Nilikuwa naikumbuka miaka yote kama mtoto aliyeshika kitenge, sikuwahi kuikumbuka kama mwenye kitenge. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaenda juu ya kabati ukashika chupa.

Sikuifungua kwa ajili ya Mama Solange. Hilo nataka ulijue. Niliiweka mezani, nikamlaza Bebe mapajani, nikamshika kwapa na tumbo, nikamwangalia yeye, si barabara. Alikuwa anawaka kweli sasa, anatetemesha mdomo, anateseka. Nikasema, hii ndiyo homa aliyoisema dokta, imekuja, na sasa ni halali yake. Nikampa kiasi kile alichoniandikia muganga leo kituoni, kwa kijiko chako, nikiwa nimevaa viatu na mfuko ubavuni. Sijui kama nilingoja sana au nilingoja kidogo. Hapa tena sijui.

Kuhusu watu wa barabara ya Bogoro, yalikuwa maneno tu. Walikuwa wachungaji na ng'ombe wao. Maduka yakafunguliwa, Baba Neema akarudi kutoka karakana akiuliza kwa nini nimevaa viatu ndani ya nyumba, nami nikamjibu vibaya, maskini, hakuwa na kosa. Mama Solange hajarudi kuniambia kitu. Kesho nitampelekea mboga, tutajifanya hakusema. Ndivyo tunavyoishi hapa, unajua mwenyewe.

Sasa Bebe amelala ubavuni mwangu, jasho limemtoka, paji la uso lina joto dogo. Siwezi kuona kama mwili wake umejifunza kitu leo. Hakuna atakayeniambia, si kesho, si mwakani. Akikua bila kukohoa, Mama Solange atasema ni bahati. Akiugua, atasema ni mimi. Na wewe ambaye ningependa ugombane nami usiku huu mpaka tuchoke, uniite Masika kwa ile sauti ya kuvuta, uniambie sijui kitu, umenyamaza. Nimekasirika kwamba ulikuwa na sababu. Nimekasirika kwamba sababu yako ilikuwa nzuri na bado pengine ilimuumiza mtoto wangu. Nimekasirika zaidi kwamba leo, na mfuko ubavuni, nilikuelewa, na umeniacha nikuelewe peke yangu.

Lala salama, Mama. Sijakusamehe vizuri, na wala sijui kama ni mimi ninayepaswa kusamehe. Neema ameniona leo. Alisimama kando yangu muda wote ule, ameshika mkanda wa mfuko, anamtazama mdogo wake anavyolia na mimi nimekaa na chupa iliyofungwa mezani. Hakuniuliza kitu, lakini namjua, ni mjukuu wako, ataniuliza akikua kwa nini nilimwacha mdogo wake alie, tena kwa ukali. Naomba siku hiyo niwe hai nimjibu.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza